Kuku wa Kumfuturisha Mama

Nina jiko la umeme lenye oveni mbili, moja juu ya nyingine, kila moja na taa yake ndani na mlango wa kioo. Nimelinunua kwa fedha yangu. Nyumba lilimofungwa, huku Kigamboni, nimeijenga kwa fedha yangu pia, nikiwa bado ughaibuni, na hakuna mume wala ndugu anayeweza kusimama mbele za watu akasema alinipa mfuko mmoja wa saruji. Naanza na hayo makusudi. Watu wengi wa rika langu wakisimulia utoto wao hujikunja na kujifanya wadogo. Mimi sikuumbwa hivyo. Nilitoka Temeke, kwenye nyumba ya kupanga, nikaenda Ujerumani na begi la mkononi, nikarudi na stashahada ya upishi na uendeshaji wa hoteli, na nimewapikia watu ambao nyinyi mmewaona kwenye televisheni tu.

Lakini siku kijana alipokuja kulifunga jiko hilo, alivuta trei kutoka oveni ya chini akanionyesha.

"Ona, mama, kona zake zimekunjwa, hazikuchomelewa. Hii haivuji mpaka unazeeka."

"Nimeshazeeka," nikamwambia.

"Basi mpaka wajukuu."

Nikaishika. Kona zilikuwa zimekunjwa kama bahasha, na ncha imelazwa kwa nje isimkwaruze mpishi. Nikakaa kwenye kiti ambacho hakijatolewa nailoni, nikamwambia aendelee na kazi yake.

Baba yangu alikunja kona hivyo hivyo.

Alikuwa mtu wa Lindi, mfupi, mnyamavu, na alifanya kazi kwenye karakana ya vyombo vya bati kule Chang'ombe. Siku moja alirudi na kitu kimefungwa kwenye gunia, akamkabidhi Mama. Mama alikuwa amemwomba chombo kipana, cha mraba, chenye kingo fupi, kitakachoenea kuku mzima na mboga zake bila kupandana. Baba alikikunja kutoka kipande cha bati alichoruhusiwa kuchukua. Jirani yetu Mama Josefu, mwanamke wa Songea, Mkatoliki, mwenye sauti ya kusikika mtaa mzima, alikuwa amekaa kibarazani kwetu anachambua mchicha. Akakitazama hicho chombo.

"Baba Hamisi, hilo beseni limekanyagwa na lori au limezaliwa hivyo?"

"Limezaliwa hivyo, Mama Josefu. Ngoja kipikwe kitu ndani, utaliamkia shikamoo."

Na kweli, aliliamkia. Jumapili ya kwanza alipopelekewa sahani yake aliinama mbele ya trei, akashika goti, akasema, "Shikamoo, mzee beseni," na Mama akacheka mpaka akashika ubavu.

Mliokuwapo miaka ile mnajua kwa nini mwanamke alihitaji trei ya namna hiyo. Mafuta ya kupikia yaliadimika kama mvua ya Agosti. Yakifika kwenye duka la ushirika, balozi wa nyumba kumi alitangaza, na akina mama walikimbia na chupa mkononi, wengine na mtoto mgongoni anaruka kama mzigo wa kuni. Ukifika mbele ya foleni unaambiwa yamekwisha. Nyumbani tulikula ule unga wa njano ambao sote tuliulalamikia na sote tuliumaliza. Nyama ilikuwa ni habari. Kuku mmoja ukimkaanga hatoshi, tena utamkaanga na nini? Mama alimkata vipande, akampaka ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, akamlaza kwenye trei pamoja na viazi vitamu, biringanya, karoti, pilipili hoho, na vipande vya nanasi, kisha akamwagia tui zito la nazi juu yake. Mafuta yalitoka kwenye nazi yenyewe. Kuku mmoja akawa sherehe.

"Nanasi kwenye nyama!" Mama Josefu alisema. "Nyie watu wa pwani iko siku mtatia embe kwenye dagaa."

"Sie tunatia," Mama akamjibu. "Hatukwambii tu."

Oveni hatukuwa nayo. Trei ilikaa juu ya matofali, makaa yakawa chini, ikafunikwa bati, na juu ya bati Mama akapalia moto wa vifuu vya nazi. Vifuu huwaka kwa hasira halafu hutulia. Moto wa chini ni wa kuivisha, alikuwa akisema, wa juu ni wa kupendezesha. Miaka mingi baadaye, darasani Ujerumani, mwalimu alitufundisha joto la juu na joto la chini, nami nikapata alama za kwanza katika somo lile. Nilistahili. Nilikuwa nimelianza mapema kuliko wenzangu wote.

Kisha Mama akaacha kula.

Haikuwa ghafla. Kwanza aliacha ugali, akasema unamchosha. Kisha akaacha wali. Tukikaa kwenye mkeka yeye alikuwa akitugawia, anaturekebishia sahani, anamtolea Shabani mifupa, Shabani akiwa mdogo wetu wa mwisho, na mwishowe sahani zinaondolewa nami sijaona mkono wake ukienda kinywani. Nilikuwa na umri wa kuanza kuaminiwa na kisu. Nilikuwa pia mtoto anayependa kujua mambo kabla hajaambiwa, na kujua kwangu kulinipa raha.

"Mama, mbona huli?"

Alinitazama. Kabla hajafungua mdomo, mimi nikawa nimeshapata jibu. Ramadhani ilikuwa imepita, na Shabani alizaliwa mwaka wa nyuma yake, mwishoni mwa mwezi wa Shaabani, Ramadhani ikamkuta Mama bado yumo kwenye arobaini. Nilikuwa nimesikia wanawake kisimani wakizungumza: mwanamke akijifungua hafungi, akinyonyesha huenda asifunge, lakini siku zile zote zinamngoja, itambidi azilipe baadaye, mwenyewe, wakati watu wengine wanakula mchana.

"Umefunga?" nikamwuliza. "Unalipa siku zako?"

"Eeh," alisema Mama taratibu. "Nimefunga, mwanangu. Nalipa siku zangu."

Nikajisikia mtu mzima. Nikamwambia nitafunga naye ili zipungue haraka. Akanivuta sikio kidogo, kwa mapenzi. "Siku za mtu hazifungwi na mwingine. Wewe kula, ukue."

Ukweli nauweka hapa wazi. Mama alikuwa na uvimbe kooni. Alikwenda na Baba hospitali kubwa, akalazwa, akarudi amefunga leso shingoni, nasi tukaambiwa ni mafindofindo. Baba alikuwa ameambiwa amrudishe nyumbani akae na wanawe. Kilichokuwa kikipita kooni mwake ni maji, chai na uji uliochujwa kwa kitambaa, tena kwa kupumzika kila baada ya funda. Alinywa chumbani, mlango umerudishwa. Mimi nilipoona mlango umerudishwa mchana niliamini anasali. Daku, alituambia, alikula sisi tumelala. Futari alipelekewa na Baba ndani kwenye bakuli lenye kifuniko. Kila kitu kilikaa sawa kichwani mwangu. Hata kukonda kwake kulikaa sawa, kwani nani hakondi akifunga siku nyingi hivyo?

Ndugu yangu Hamisi, aliyenifuata kwa kuzaliwa na asiyejua kunyamaza, siku moja alisema, "Mama, hizi siku zako haziishi tu? Kwani Ramadhani nzima ulikuwa unakula nini wewe?"

Mama alicheka, na kucheka kukamuumiza, akaweka kiganja kwenye leso. "Nilikula pilau, Hamisi. Kila siku pilau."

"Na hukutuita!"

Wakati huo ndipo alipoanza kunifundisha kazi ya trei. Aliketi mkekani, mgongo ukutani, nami nikafanya kila kitu chini ya macho yake. Alinifundisha kumkata kuku kwenye viungo bila kuvunja mifupa, kukuna nazi nikiwa nimekaa vizuri juu ya mbuzi nisijikune vidole, kukamua tui la kwanza na kuliweka kando, kupanga viazi pembeni kwenye moto mkali na nanasi katikati lisiungue. Alinifundisha pia kugawa, na hapo alikuwa mkali kuliko penginepo. Firigisi ni ya baba wa nyumba. Paja ni la mgeni, mgeni asipokuwepo ni la anayekua kwa kasi. Kidari hukatwa. Shabani mabawa, kwa sababu anapenda kuyachezea.

"Na wewe, Mama?"

"Mimi shingo. Lakini leo nimefunga, shingo mpe Hamisi."

Alinyoosha kidole cha shahada, akachovya kwenye mchuzi, akagusa ncha ya ulimi. Akafumba macho. Kisha akageuza uso, akatema kwenye kopo lililokuwa kando yake, akasukutua kwa maji na kuyatema nayo.

Nilimwangalia kwa furaha, kwani hilo nalo nilikuwa nimelijua. Mpishi aliyefunga anaruhusiwa kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi, mradi asimeze, ateme. Bibi mmoja wa chuo chetu cha Kurani alitufundisha hivyo. Nikamwona Mama akifanya sawasawa kabisa, bila kukosea hata kidogo, na moyo wangu ukajaa fahari kwamba mama yangu ni mtu anayeshika dini namna hii.

"Chumvi imepungua," alisema. "Ongeza ya vidole vitatu. Na usiogope. Chumvi haipendi mwoga."

Mama Josefu alikuja mchana mmoja na bakuli la uji wa ulezi, mwepesi, ameutia maziwa aliyoyapata sijui wapi. Mama alikuwa amelala ndani. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, Mama Josefu."

"Marahaba, mama. Mpelekee mama yako, ungali moto."

"Hawezi kunywa sasa," nikamwambia, na nadhani nilisimama wima kidogo kwa sababu hapa nilikuwa namwelimisha Mkristo. "Mama amefunga. Analipa siku zake za Ramadhani."

Mwanamke yule, ambaye hata padri hakumwogopa, alirudi nyuma hatua moja. Akatazama bakuli. Akatazama pazia la chumbani.

"Amekwambia hivyo?"

"Ndiyo. Zimebaki chache."

"Haya," akasema. "Haya, mama. Basi uufunike. Atakunywa jioni." Akashuka kibarazani, akaondoka amevaa kandambili moja yake na nyingine ya Mama, na wala hakurudi kuibadilisha.

Hilo la kubaki chache sikulibuni. Nilikuwa nimemuuliza mwenyewe. "Mama, zimebaki ngapi?" Naye alikuwa amesema, "Chache." Nikamwambia, "Zikikaribia kwisha mimi nitakupikia futari. Kuku wa kwenye trei. Utakula kidari chote wewe." Akanijibu, "Haya," kama mtu anayekubali kupokea mzigo.

Tangu hapo sikuwa na jambo jingine duniani. Nilitaka Mama ale. Uji ule wa kwenye bakuli, niliamini, ndio uliomfanya awe mwembamba. Mtu hafungi kutwa nzima akafuturu maji ya ulezi. Angepata futari ya maana, yenye mafuta ya nazi, angerudi kuwa yule aliyecheka akishika ubavu. Mimi ndiye ningemrudisha.

Nikamwendea Baba akiwa anavua viatu.

"Baba, naomba kuku. Nataka kumpikia Mama futari."

Tulikuwa na kuku wachache, na mmoja tu aliyekuwa akitaga, mtetea mwekundu ambaye mayai yake yalikuwa yakibadilishwa sukari kwa majirani. Nilikuwa nimejiandaa kuomba jogoo mdogo. Baba alivua kiatu cha pili, akavipanga ukutani.

"Mchukue yule mwekundu," alisema. "Huyo ana mafuta."

Kesho yake alimchinja mwenyewe alfajiri kabla ya kwenda kazini.

Nimepika karamu kubwa maishani mwangu. Nimesimamia jiko lenye watu wazima kumi wanaosema "ndiyo, mpishi mkuu" kwa lugha ya kigeni. Sijawahi kupika kwa makini kama siku ile. Nilichagua viazi vya rangi ya chungwa, vyenye utamu. Hoho niliiomba kwa Mama Josefu, akanipa zote alizokuwa nazo. Nanasi nililionja kwanza. Nyama niliikata vipande vidogo sana, vidogo kuliko Mama alivyonifundisha, kwa sababu nilifikiri mtu aliyefunga siku nyingi ataanza kwa kutafuna kidogo. Kidari nilikikata vidogo zaidi, kama vya mtoto anayeota meno. Nilikuna nazi mbili badala ya moja. Niliwasha makaa mapema, nikapalia vifuu kwa wakati wake, na niliposikia mchuzi unachemka chini ya bati kwa ile sauti nzito, niliinama nikahesabu harufu moja moja jinsi zinavyotoka: ndimu kwanza, kisha nazi, kisha nanasi linapoanza kuwa kahawia.

Mama alikaa mkekani uani. Alitaka mwenyewe kutoka nje jioni ile. Baba alikuwa amemwegemeza mto mgongoni, naye akawa ananitazama tu, hakuniambia ongeza wala punguza. Baba alikaa kwenye kigoda. Hamisi na Shabani walikaa karibu na trei kuliko walivyoruhusiwa.

Mwadhini wa msikiti wetu alikuwa mzee mwenye sauti ya kukwaruza. Aliadhini magharibi mpaka mwisho, taratibu, nami nikangoja mpaka neno la mwisho lipotee juu ya mapaa. Ndipo nikaondoa bati na makaa yake. Mvuke ukapanda. Kuku alikuwa amepata rangi ile ile ya kuku wa Mama, ya dhahabu iliyozeeka, na kingo za viazi zimeshika weusi kidogo panapostahili.

"Karibu futari, Mama."

"Mashaallah," Mama alisema. Aliitazama trei kwa muda mrefu. Akanyoosha kidole cha shahada, akachovya kwenye mchuzi, akagusa ncha ya ulimi. Akafumba macho.

Kisha akageuza uso, akatema kwenye kopo.

Nilisimama na kibanio cha makaa mkononi. Nilifikiri amesahau.

"Mama, adhana imeshapita."

"Nimesikia, mwanangu."

"Sasa si umeze?" Hamisi akadakia.

"Hamisi," Baba alisema, jina tu, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake tena.

Niliiona leso ya shingoni ikipanda na kushuka, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi ilivyotuna upande mmoja. Sikuelewa yote. Ugonjwa wenyewe sikuwa na jina lake, na kifo sikukiona kimekaa nasi pale. Nilichoelewa ni kimoja: hapakuwa na siku zozote zilizokuwa zikilipwa. Vile vipande vidogo vya kidari nilivyovikata kama vya mtoto vilikuwa vimejipanga mbele yake, na haviendi popote.

Leo nampita Mama kwa mapishi, na nasema bila kuona haya, kwani angefurahi kusikia. Nimejifunza mambo ambayo yeye hakupata nafasi ya kuyaota. Lakini tangu jioni ile hakuna aliyewahi kuonja chakula changu akasema neno likanigusa, kwa sababu hakuna ninayemngojea aonje.

"Chumvi sawasawa," Mama alisema. "Mgawie baba yako."

Niligawa kama nilivyofundishwa. Firigisi kwa Baba. Aliishika mkononi, hakuila wala hakuiweka chini. Paja kwa Hamisi, anayekua kwa kasi. Mabawa kwa Shabani. Sahani ya Mama Josefu nikaiweka kando. Mchuzi ulimwagika mkekani, na Mama hakunikaripia. Nilipomaliza alisema, "Hiyo trei irudishe hapa. Ingali moto?"

"Ingali moto."

Nikaiweka mbele yake, na vile vipande vya kidari katikati. Akafungua khanga yake ya juu, akainama, akajifunika kichwa pamoja na trei yote, kama anavyofanya mtu mwenye homa anapojifukiza majani. Tukabaki tunautazama mgongo wake ukipanda na kushuka chini ya nguo. Kisha mkono ukatokea pembeni, ukapapasa, ukanipata mguu.

"Njoo."

Nikaingia. Ndani kulikuwa na giza na mvuke na joto la uso wake karibu na wangu. Nazi ilikuwa pale, na nanasi, na ndimu, na tangawizi, vyote kwa pamoja, vimetuzunguka hata hapakuwa na pa kupumulia pengine. Mama alivuta pumzi kwa mdomo wazi, polepole, akangoja, akavuta tena, kwa adabu, kama mtu anayekula mbele ya wageni. Nilishika pindo la khanga kwa mikono miwili ili mvuke usitoke. Sikulia. Nilishika tu, nikimngoja amalize, mpaka trei ikaanza kupoa na matone yakawa yanaanguka kutoka kwenye kitambaa juu ya nywele zetu.

"Alhamdulillahi," alisema. "Nimeshiba."